Uji wa Mwani wa Bi Mwatima

Mimi ni wifi yake Reem, na kazi ya wifi mnaijua. Kazi ya wifi ni kukagua. Kaka yangu Mcha alipomwoa, nilikagua mapishi yake, nikakagua kufua kwake, nikakagua anavyomwamkia mama, na kila nikitafuta la kusema nalikosa. Nikajiambia huyu anajificha, iko siku atajifichua mwenyewe. Nimengoja mpaka nimechoka. Leo nataka kumsifu, na kwa wanaonijua pale Darajani ninapouza kanga, hiyo peke yake ni habari.

Kwanza niseme alivyoingia kwetu. Sisi ni watu wa Jambiani. Mama yangu, Bi Mwatima, analima mwani tangu mwani ulipoanza kupandwa pwani yetu. Maji yakipwa huyo anashuka, akainama kufunga miche kwenye kamba mpaka maji yamrudishe. Kwa mwani huo alitusomesha mimi na Mcha, na akajenga nyumba. Sauti yake ni nzito, ya mkwaruzo, mpaka mtu akimsikia kwenye simu humdhania mwanamume. Sisi tuliizoea. Jambiani wamekuwa wakinitania tangu utoto kwamba siku niliyozaliwa niliimeza sauti ya mama, ndiyo maana yeye kabaki na mkwaruzo na mimi naongea kwa niaba ya watu wawili. Nacheka nao, maana kuongea kweli naongea.

Mwaka mmoja kilialikwa kijijini kwetu kikundi cha wanawake cha maulidi kutoka mjini, mwezi wa mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, na msomaji wao alikuwa msichana wa mtaa wa Malindi mwenye asili ya Kiarabu, mwembamba, macho chini. Mama alikuwa anapita na sinia la vikombe vya kahawa. Yule msichana alipofungua kinywa, mama akasimama palepale, sinia mikononi, asiende mbele wala nyuma. Wageni wakatazamana. Nikamfuata kumwambia kahawa inapoa, nikamkuta machozi yanamtiririka. Mama yangu si mtu wa kulia mbele za watu, hata baba alipofariki alilia chumbani. Siku ya pili akampigia simu Mcha.

"Nshakupatia mke."

"Mke gani, mama?"

"Yuko Malindi. Ana sauti."

"Mama, mtu anaoa sauti?"

"Weye nenda kamwone, mengine utaniambia baadaye."

Mcha alikwenda, akaona, na hakurudi kubishana. Walipooana wakapanga Malindi, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zinamtoa mtu jasho. Mimi kila asubuhi napita hapo kunywa chai kabla ya kufungua duka, kwa sababu chai ya nyumba ya kaka ina utamu wake. Na jina la Reem likakua. Ukitaja Reem wa maulidi mjini, mtu hakuulizi yupi.

Ugonjwa haukumjia kwa kishindo. Ulianza kwa kuchoka. Anaamka amechoka, analala amechoka, ngazi zile anazipanda kwa vituo. Akawa anasikia baridi siku ambayo sisi tunajipepea kwa gazeti. Uso ukamvimba, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, akaongezeka mwili na huku chakula hali. Majirani walikuwa na dawa ya kila kitu isipokuwa midomo yao: wa chini akasema ni husuda, wa pembeni akasema ni kukaa ndani sana. Kisha sauti ikaanza kukwama. Siku moja, kwenye maulidi ya harusi pale mjini, alifika pahala pa kupandisha, sauti ikamkatikia. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Bi Zuleikha, mkubwa wa kikundi chao, akaipokea pale pale kama vile ndivyo ilivyopangwa. Reem alikaa kichwa chini mpaka mwisho, akawaaga wenye shughuli kwa adabu zake zote, akashuka. Nilimfuata nje nikamkuta ameegemea ukuta wa uchochoro, mkono shingoni.

"Wifi," akaniambia kwa ile sauti iliyobaki, "mie bila hii ni nani?"

Nikamshika mkono, nikampeleka nyumbani.

Mcha akampeleka hospitali, wakamtoa damu, na daktari mwanamke kijana, jina lake Daktari Salhiya, akawaeleza. Jioni Reem alituweka chini mimi na Mcha, akatueleza na sisi. Na hapa ndipo nilipoanza kumtazama vingine, maana mimi ningepewa habari kama hiyo ningerudi nyumbani nikajifunika shuka.

"Hapa shingoni," akasema, "kuna tezi ndogo inaitwa thairoidi. Inatengeneza homoni inayoendesha mwili mzima. Joto, nguvu, mapigo ya moyo, nywele, hata sauti. Sasa, mwili una kinga yake ya kupigana na maradhi. Kinga yangu imeacha kumtambua mwenyeji. Imeigeukia tezi yangu, inaipiga."

"Walinzi wanampiga mwenye nyumba?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo hivyo, wifi. Na tezi inavimba, inachoka, haifanyi kazi yake."

"Basi hicho kidonge walichokupa kitawafukuza hao walinzi?"

"Hakiwafukuzi. Kinanipa ile homoni tezi isiyoweza kuitoa tena. Nitakinywa kila siku. Huenda maisha yangu yote."

Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza kwamba nyumba hufagiliwa kila siku. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

"Na sauti?" akauliza Mcha.

Hapo tu ndipo alipoangalia pembeni. "Dokta kasema inaweza kurudi, vipimo vikikaa sawa. Inataka muda."

Tukajua basi. Uso kuvimba alikuwa anaubeba, nywele alikuwa anazibeba. Kilichomkaa rohoni ni sauti.

Habari zikafika Jambiani, na mama akaja na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na mwani mkavu aliouchagua mwenyewe kamba kwa kamba, wa kutwanga unga kidogo kidogo.

Msimcheke mama. Hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Zamani walikuja kijijini watu wa afya, wakawafundisha kwamba rovu, huo uvimbe wa shingo, linatokana na kukosa madini joto, na kwamba watu wale chumvi iliyotiwa madini hayo. Mama alisikiliza, akanunua chumvi ile, hakuiacha mpaka leo. Na alisikia pia kuwa mwani unayo madini joto kwa asili yake.

"Mtu shamba lake la mwani liko pwani," akasema huku anakoroga sufuria, "halafu mkwe wake aumwe shingo kwa kukosa madini joto! Watu watanionaje?"

Nikasema kweli mama. Mcha akasema kweli mama. Nani angebisha?

Ikawa kila alfajiri, Reem akimaliza kusali, anameza kidonge chake kwa funda la maji, na hajaweka gilasi chini mama yuko mlangoni na bakuli la uji wa mwani uliotiwa maziwa, moto, mzito. Anasimama pale pale mpaka bakuli liwe tupu. Sasa niambieni, mke gani wa watu atarudisha bakuli la mama mkwe aliyetoka Jambiani na gunia mgongoni kuja kumuuguza? Reem aliunywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Ahsante, mama, Mungu akuweke," na mama akaondoka na bakuli lake kama mtu aliyepewa cheo.

Na Reem hakupata nafuu. Vipimo vilirudi vibaya, daktari akaongeza dawa. Vikarudi vibaya tena, akaongeza tena. Shingo ikazidi kujaa. Na mama akaona kumbe mwani ni mdogo, akaongeza. Daktari huku anaongeza dawa, mama kule anaongeza mwani, na mgonjwa yuko katikati anashukuru wote wawili.

Mwezi wa Rajabu Bi Zuleikha akaja kumtazama. Alileta halua, wakazungumza, kisha akalisema lililomleta, kwa upole, maana ni mtu mwema.

"Mwanangu, mfungo sita unakuja. Jambiani wametualika tena. Ukiwa tayari, nafasi ni yako. Lakini nafasi ya msomaji haikai wazi miaka. Kama nitamfundisha mwengine, yataka nianze sasa hivi."

"Nipe mpaka baada ya Ramadhani, bibi," akasema Reem. Sauti yake yenyewe ilikuwa inamkanusha.

Siku ya kliniki iliyofuata Mcha alikuwa kazini bandarini, nikafunga duka nikamsindikiza mimi. Daktari Salhiya aliangalia majibu, akaweka kalamu chini.

"Kuna kitu hakikai sawa," akasema. "Kwa dawa hii ulipaswa uwe umeshabadilika. Unakunywaje kidonge?"

"Asubuhi, kwa maji."

"Baada yake unakula nini, na baada ya muda gani?"

"Uji tu, daktari. Baadaye kidogo."

Hakukusudia uongo, alikuwa anamficha mtu, na nikamwona anavyomficha. Asingelitaja jina la mama mbele ya mtu wa nje hata kama angekatwa. Mimi sikuumbwa hivyo.

"Uji wa mwani," nikasema. "Na maziwa. Na si baadaye kidogo, ni hapo hapo, kidonge hakijafika tumboni."

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Akaniuliza mwani wa namna gani, unatiwa kiasi gani, kisha akatugeukia wote wawili. Akasema mafunzo ya zamani yalikuwa sahihi: liko rovu la kukosa madini joto, na chumvi ile imewasaidia watu wengi. Lakini la Reem halikutoka huko. Tezi ambayo imeshashambuliwa na kinga, ukiimiminia madini joto kupita kiasi, inaweza kuzidi kuzorota. Halafu lile la pili: kidonge hiki kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha mtu angoje nusu saa au saa nzima kabla ya chai, uji au maziwa. La sivyo vinakizuia kisiingie mwilini.

"Hukuwa unakosa dawa," akamwambia Reem. "Dawa ndiyo ilikuwa haikupati."

Njiani nikamwambia, "Mama nitamwambia mie. Nitampigia simu nikiwa dukani, asinifikie."

"Hapana, wifi," akasema. "Uji nimekunywa mie. Nitamwambia mie."

Mama alikuwa juu ya paa anaanika mwani. Reem akapanda zile ngazi kwa vituo vyake, mimi nyuma, na alipofika hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini miguuni pa mama. Akamsaidia kwanza kutandaza. Kisha akauliza, "Mama, mwani usipopata jua unakuwaje?"

"Haukui."

"Na maji yakizidi moto?"

"Unakuwa mweupe, unalainika, unakatika. Unapotea wote."

"Ukishakuwa mweupe, unauongezea jua?"

"Nani atafanya wazimu huo?" Mama akaacha kutandaza. Si mtu mzito wa kuelewa. Reem akamweleza yote, polepole, alivyoelezwa na daktari, na hakurusha neno hata moja la lawama. Nilisimama kwenye mlango wa paa, tayari kushuka, maana mama namjua.

"Kwa hivyo nimekuwa nnakulisha sumu," mama akasema.

"Umenilisha chakula, mama. Wengine wakila wananawiri. Shingo yangu mie ndiyo isiyotaka."

"Na weye umekunywa miezi yote hiyo, kimya?"

"Nilikuwa sijui. Na hata uzito wake nilikuwa naupenda. Mama yangu alikufa mie mdogo. Sijapata kuletewa uji na mtu akasimama mpaka nimalize."

Mama akakusanya mwani wake wote, akautia guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akakaza.

Asubuhi nilipokuja, nilimkuta amekaa juu ya ngazi, mkoba pembeni, gunia pembeni, anataka nimpeleke kituoni arudi Jambiani. Ilikuwa siku ya joto, nguo imenigandama mgongoni. Mama kavaa sweta, na juu yake kajitanda kanga mbili. Mimi nilikuwa nafikiria nitamwambia nini. Reem alikuwa anamwangalia tu. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unasikia baridi?"

"Mie baridi yangu ya siku zote."

Reem akamwangalia nyusi, ambazo pembeni zimekwisha kabisa, akamshika mkono, ngozi kavu. Nilidhani anamwomba radhi. Kumbe alikuwa anazisoma dalili.

"Wifi," akaniita bila kugeuka, "mama ana sauti hii tangu lini?"

"Tangu nizaliwe mie. Si nilikwambia niliimeza?" Nikacheka. Reem hakucheka.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ulikuwa ukiimba?"

Mama alinitazama mimi, akautazama ukuta.

"Nilikuwa nnasoma maulidi," akasema. "Jambiani nzima, na Paje wakiniita, na Makunduchi. Nilipomzaa huyu, nywele zikanibaki mkononi, mwili ukanijaa, sauti ikaenda kidogo kidogo mpaka ikaisha. Wakasema uzazi. Nikaingia kwenye mwani, wakasema chumvi. Sasa wanasema uzee." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Niliposikia yako siku ile, nilidhani yangu imepita mlangoni."

Mimi nikakaa chini, ngazi yoyote iliyokuwa karibu. Maisha yangu yote nimecheka na watu wa Jambiani kwa utani ule, kumbe walikuwa wanataja kitu cha kweli na mama anasikia. Na mimi, mwanawe wa tumboni, niliyekula naye na kulala naye, sikuwahi kumwuliza. Aliyemwuliza ni mtoto wa Malindi aliyekuja kwa ndoa.

Reem akamtaka aende kupimwa, mama akakataa hospitali. Haumwi, akasema. Ana mwani wake unamngoja. Reem hakubishana naye hata kidogo.

"Basi nisindikize mie, mama. Nnatolewa damu leo, na naogopa sindano."

Reem huyo alikuwa ameshatolewa damu mara nyingi hata mkono umezoea. Lakini pale maabara alifumba macho, akageuza shingo, akamng'ang'ania mama, akaguna kabla hata ya kuguswa. Nilijiuma mdomo nisicheke. Mama akaona haya kwa niaba yake.

"Loh! Kitu kidogo hicho! Watoto wa mjini hawa!"

Muuguzi, ambaye nadhani Reem alishamnong'oneza, akamwuliza kwa heshima, "Na wewe bibi, tukupime? Ni kidogo tu."

"Pima," akasema mama, akapandisha mkono wa baibui. "Umwonyeshe huyu."

Majibu yalipotoka Daktari Salhiya alimkalisha mama karibu yake. Maradhi ni yale yale, akasema, na ya muda mrefu. Wanawake wengi huwaanza baada ya kujifungua, na huchukuliwa kuwa ni uchovu wa uzazi. Mama angeanzishiwa dawa kidogo kidogo, kwa ajili ya umri na moyo wake, na hakuna anayeweza kumwahidi kuhusu sauti, kwa miaka mingi iliyokwisha kupita. Na kwa kuwa hutembea kwenye damu ya ukoo, mimi nami nipimwe. Nilipimwa huku natetemeka kikweli, si kwa kuigiza. Yangu yakatoka salama, nikaambiwa nisiache kurudi kuangaliwa.

Tulitoka hospitali mama anatangulia. Tukafika Darajani. Mbele ya duka langu akasimama.

"Kwa hivyo sikuwa mvivu," akasema.

"Nani aliyesema wewe mvivu, mama?"

"Mie. Kila siku nikiamka nahisi nimefungwa mawe, najiambia Mwatima mvivu wee, simama, wenzio washashuka pwani."

Nililia pale barabarani mbele ya wateja, na sioni haya kusema. Mwanamke huyu alilima mwani kwa mwili ule, akatulea kwa mwili ule, na bado akajiona mvivu. Sijui mtu mwingine namna hiyo, isipokuwa huyo mkwewe aliyemwona.

Safari ya Jambiani ikavunjika. Mama akabaki Malindi, na ikapita sheria mpya ndani ya nyumba ya Mcha. Asubuhi, baada ya sala, gilasi mbili za maji, vidonge viwili, na hakuna chai kwa mtu yeyote mpaka saa nzima ipite. Hata kwangu mimi niliyetoka nyumbani kwangu Mwanakwerekwe na njaa. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kwenye birika, mama akanichapa kwa mwiko.

"Chai nyumba hii haitangulii dawa."

"Mie sina dawa, mama!"

"Basi una subira."

Akaeleza kwamba mke wa mtu hawezi kukaa anatazama wenzake wanakunywa chai yenye harufu ya iliki, yeye ana maji. Kama ni kungoja, tutangoja wote. Mcha alinung'unika wiki moja, akazoea. Ramadhani ilipofika walimwuliza daktari, vidonge vikahamishiwa usiku, futari ikiwa imeshatulia. Gunia la mwani liliuzwa sokoni, na mama hakuona kinyaa nalo wala hakulilaumu. Aliwaambia wanunuzi ni mwani mzuri sana, ila kama shingo inakuvimba kapime kwanza. Nilimsikia akimweleza mpaka mwuza samaki kuhusu walinzi wanaompiga mwenye nyumba.

Ile saa ya kungoja chai wenyewe wawili walikuwa wanaingia chumbani, wanarudisha mlango. Nikidhani wanaleta uradi, zile dua za baada ya sala. Nami huku nje nahesabu vikombe.

Polepole Reem akarudi. Uso ukashuka, ngazi akawa anazipanda bila kituo, na siku moja nikamsikia jikoni anaimba huku anakuna nazi, akakatisha aliponiona, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Baada ya Ramadhani akamwambia Bi Zuleikha: "Sijui kama ni ile ile. Lakini ipo." Mama naye akavua sweta. Zaidi ya hapo sikuona kitu, na sikuuliza, nikiogopa kumtonesha.

Mfungo sita ukafika. Tukaenda Jambiani, uwanja umetandikwa mikeka, uudi unafuka, wanawake wamejaa mpaka nje ya ua. Reem akakaa mbele. Alipofungua kinywa niliziba macho, siwezi kusema uongo. Sauti haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa imeshuka chini kidogo na ina uzito ambao haikuwa nao, nami naona sasa ndiyo nzuri zaidi, na yeyote atakayebisha aje dukani tubishane. Alisoma kitabu cha maulidi mlango baada ya mlango, pahala pa kupandisha akapandisha, na Bi Zuleikha akawa anatikisa kichwa huku machozi yanamtoka.

Mama alikuwa nyuma na sinia la kahawa, kama miaka yote.

Tukasimama kwenye kiamu, pale watu wanapomsalia Mtume kwa kusimama. Reem akaanza, wanawake wakaitikia, akaanza tena, kisha katikati ya mstari akanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza. Nikajiambia: imekatika, imemkatikia tena, na mbele za watu wote hawa. Nikamtazama, nikaona hana wasiwasi. Alikuwa anaangalia nyuma ya watu, anangoja.

Kutoka nyuma kule ikatoka sauti. Ilianza na mkwaruzo, ikatetereka, nikajua ile saa ya chai walikuwa wanafanya nini. Kisha ikajinyoosha, ikapanda, ikaumaliza mstari. Wanawake wa umri wa mama hawakuitikia kwanza, walikuwa wameshikana mikono. Bi Kurwa, mzee kuliko wote pale, akasema kwa nguvu, "Mwatima karudi!" Ndipo wakaitikia, na Reem akaingia naye, wakaenda pamoja.

Nilipita katikati ya watu mpaka nyuma, nikampokea mama sinia ili mikono yake iwe huru. Hakunitazama, alikuwa anaimba. Nina watoto wanaosoma sekondari, na ndiyo kwanza namsikia mama yangu akiimba. Jirani akanigusa bega, ananiuliza kitu. Mimi, niliyemeza sauti ya mtu na kuongea kwa niaba ya wawili, sikuwa na neno. Nikabaki nimesimama na lile sinia mikononi, na kahawa ya watu ikapoa.